Neno Alilompa Mama Ozella

Verlon Tidmore alikuwa akifika ofisini kwangu kila wiki ya pili ya Septemba, Jumanne, saa mbili kasorobo asubuhi, na mfuko wa karatasi uliojaa karanga za kuchemsha. Habishi hodi. Anaweka karanga mezani, anavuta kile kiti kigumu ambacho wasaka vipaji wenzake wote hukikwepa, halafu anasema, "Royce, zima taa, niwashie uongo wako wa mwaka huu."

Uongo ndilo jina alilozipa video za mechi. Aliamini kwamba video haikwambii ukweli mpaka uiulize mara tatu.

Mimi ni kocha wa safu ya mbele ya ulinzi katika Chuo cha Tensler, chuo kidogo kusini mwa Alabama ambako Jumamosi ya futiboli ya Kimarekani hata makanisa hupanga arusi zake kwa kuangalia ratiba yetu. Verlon alikuwa msaka vipaji wa timu ya kulipwa ya huko kaskazini, timu ambayo sitaitaja. Kwa miaka ishirini na saba alizunguka majimbo manne kwa gari, akilala kwenye vihoteli vya kando ya barabara kuu, akitafuta aina moja ya mchezaji kuliko wote: mvamizi. Yaani yule kijana wa pembeni ambaye kazi yake ni kumzunguka mlinzi mwenye kilo mia na hamsini anayemkinga mrusha mpira wa timu pinzani, na kumwangusha huyo mrushaji kabla mpira haujamtoka mkononi.

Namba hazikumbabaisha. Ukimwambia kijana fulani ameangusha warushaji kumi na tano msimu huu, anatema ganda la karanga. "Kumi kati ya hao aliwapata kwa kumpita mlinzi wa miaka kumi na tisa anayewaza mtihani wa Jumatatu." Yeye alitaka kuona hatua ya kwanza. Alitaka kuona kifundo cha mguu kinavyolala kijana anapokata kona. Zaidi ya yote alitaka kuona anafanya nini mkono wake wa kwanza ukishapigwa chini. "Mpango wa kwanza wamefundishwa na nyinyi makocha," alisema. "Mpango wa pili ndio wao wenyewe." Akimaliza video anakwenda kuongea na mama anayefua jezi, maana makocha husifu na wafuaji husema.

Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye Verlon alimtaja kama wengine wanavyotaja watoto wao. Colby Rusk alikuja kwenye timu akiwa na miaka ishirini na mitatu na digrii ya hesabu, hajui hata mvamizi anasimama upande gani. Wakampa Verlon amfundishe. Miaka sita walisafiri gari moja. Colby alipooa, baba yake alikuwa ameshafariki, na Verlon ndiye aliyesimama mahali pake. Watoto wa Colby wakamwita babu. Baadaye Colby alipanda, akapanda tena, mpaka akawa mkuu wa idara nzima, na Verlon akawa anapeleka ripoti zake kwa mtu aliyemfundisha kuziandika. Nilimuuliza kama hilo halimkeri.

"Linikere nini? Mwanangu kanipita. Si ndiyo raha ya kulea?"

Basi, mwaka ule nilikuwa na Jarvion Pettway. Mrefu, mikono inakaribia magoti, mpole mpaka wenzake wanamtania kwamba anawaomba walinzi samahani kabla ya kuwaangusha. Vyuo vikubwa vilimpita kwa sababu shuleni kwao walikuwa na wachezaji ishirini na wawili tu na uwanja wenye mteremko. Verlon alimtazama kwenye video siku mbili mfululizo. Siku ya pili jioni akawasha taa mwenyewe.

"Royce, huyu kijana amecheza mechi ngapi kwako?"

"Thelathini na mbili."

"Nimezitazama zote. Hajaruka kabla ya mpira hata mara moja. Hata moja! Mrushaji anapaza sauti ya uongo ili waruke mapema waadhibiwe, wenzake wote wanachomoka kama panya, yeye katulia tu. Umemfundisha nini?"

Nilisema nimemfundisha nidhamu. Verlon alinitazama kama anavyotazama video.

Kesho yake alikuja mazoezini, akasimama kushoto kwa Jarvion kama hatua nne, akaita jina lake kwa sauti ya kawaida. Kijana hakugeuka. Akaita tena. Kimya. Akazunguka kulia, akaita kwa sauti ya chini zaidi. "Naam, mzee," akasema Jarvion.

Mimi ni kocha wake wa miaka mitatu na sikujua. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa tangu akiwa na miaka sita, homa ililiua, na la kulia lilikuwa na nusu ya nguvu yake. Sauti ya mrushaji haikumdanganya kwa kuwa haikumfikia. Alikuwa anautazama mpira. Mpira ukitikisika, anaondoka.

"Usiandike, mzee," Jarvion alimwomba, pale pale uwanjani, kofia mkononi. "Wakijua hawatanichukua. Madaktari wao wanapima magoti na moyo, sikio hakuna anayeliuliza. Tafadhali."

Verlon hakumjibu pale. Jumapili alikwenda kwa mama yake, nami nikamsindikiza. Ozella Pettway ni mpishi wa shule ya msingi, mwanamke wa maneno machache. Alitukaangia samaki wa mtoni na kutuwekea mkate wa mahindi, akangoja tushibe ndipo akauliza kilichotuleta.

"Mama, siwezi kumficha bosi wangu," Verlon alisema. "Nalipwa kwa hilo. Lakini nitamwambia yeye peke yake, kwa mdomo, na nitamwambia kwamba hii si kasoro. Ndiyo sababu ya kumchukua mwanao mapema. Kuna mvamizi gani mwingine asiyeweza kudanganywa?"

"Na huyo bosi wako ni mtu wa namna gani?"

"Nimemlea mimi."

Ozella akamtazama mwanawe. Jarvion akatazama sahani yake kwa muda, kisha akakubali kwa kichwa.

"Basi nimelichukua neno lako, Bwana Tidmore," alisema mama yake. "Ongeza samaki."

Majira ya baridi yakapita. Jarvion alikwenda kwenye majaribio, akakimbia vizuri, na magazeti yakaanza kumtaja kwenye raundi ya kwanza ya uteuzi, ambapo timu za kulipwa huchagua wachezaji wa vyuo kwa zamu. Kanisani kwao wakamtengenezea bango. Verlon alinipigia simu mara mbili, mara zote anacheka. Alisema Colby alipoambiwa habari ya sikio alipiga meza kwa furaha.

Jumatatu ya wiki ya uteuzi habari ikatoka. Mwandishi mmoja wa michezo aliandika kwamba, kwa mujibu wa watu walio karibu na timu kadhaa, Pettway anaficha tatizo kubwa la kiafya, pengine la kichwa. Hasikii maagizo, na kuna wasiwasi kwamba hupoteza mizani. Mpaka mchana televisheni zote zilikuwa zinalijadili. Katikati ya maneno hayo kulikuwa na sentensi moja: "Mtu mmoja anayemfahamu anasema kijana huyo anaucheza mpira kama kiziwi anavyosoma midomo."

Jumanne Verlon akatokea ofisini kwangu. Alikuwa ameendesha gari kwa muda wa saa nne. Hakuwa na karanga.

"Hiyo ya kiziwi ni sentensi yangu," alisema. "Nilimwambia Colby. Sikuiandika popote." Akaweka simu mezani. "Kaa hapa usikie. Nikiwa peke yangu nitasikia ninachotaka kusikia."

Colby alipokea upesi, mchangamfu. "Mzee wangu! Uko wapi?"

"Ni wewe, Colby?"

"Mimi nini?"

"Usinifanyie hivyo. Nimekufundisha kusema uongo kwa makocha. Naujua."

Kisha Colby akashusha pumzi, akaongea taratibu kama mtu anayemweleza mgonjwa. "Sikiliza. Sisi tunachagua wa ishirini na tisa. Asingetufikia, wangemchukua kabla. Sasa raundi ya kwanza inatubakia kwa mlinzi, na Pettway tunampata raundi ya tatu. Wawili kwa bei ya mmoja. Mzee, hii ni ripoti bora kuliko zote ulizowahi kuniletea. Umeshinda!"

"Umesema anapoteza mizani."

"Sikusema. Nilisema sikio. Waandishi wameongeza chumvi."

"Nilimpa mama yake neno langu."

"Neno lako, mzee, si langu. Mimi sikula samaki wa mtu."

Verlon alikuwa amemsimulia mpaka samaki. Akakata simu, akabaki anaitazama pale mezani. Baadaye akasema, bila kunitazama, "Miaka sita ndani ya gari moja, Royce. Nilikuwa naangalia barabara."

Kutwa nzima ya Jumatano alikaa ofisini kwangu akipigia simu wasaka vipaji wa timu nyingine, wazee wenzake waliokuwa wakikutana naye viwanjani miaka yote. Aliwaambia ukweli: sikio moja limekufa, mizani iko sawasawa, mechi thelathini na mbili bila kuruka hata mara moja, nendeni mkahesabu. Alijua akigundulika kazi imekwisha. Wakamsikiliza kwa adabu. Mmoja tu, mzee mmoja wa Jojia, ndiye aliyemwambia lililo moyoni mwa wote: "Verlon, wewe ni mtu wa Colby Rusk. Leo unanisukumia kijana ambaye jana mlikuwa mnamtangaza mgonjwa. Huo mtego niingie mimi?"

Alhamisi, siku ya raundi ya kwanza, saa kumi alasiri tukaenda kwa Ozella. Ndugu walikuwa wameshajaa uani, meza imetandikwa, keki ina rangi za chuo. Verlon alikataa kukaa. Alisimama mlangoni mwa jikoni akasema yote: nani alifanya, kwa nini, na kwamba yeye ndiye aliyempelekea Colby habari.

Ozella alikuwa anafuta sahani. Aliendelea kuifuta muda mrefu baada ya kukauka.

"Nilikuuliza," alisema mwishowe. "Sikukuuliza kuhusu mpira. Nilikuuliza jambo moja tu, huyo mtu ni wa namna gani."

"Ndiyo, mama."

"Ukanijibu haraka."

Jarvion alikuwa ameegemea friji. Verlon akamsogelea, akaanza, "Kijana wangu, mimi..." Jarvion akageuza kichwa kidogo tu, taratibu, mpaka sikio la kushoto likawa upande wa mzee. Verlon alielewa. Aliendelea kusema maneno mawili matatu, kisha akaenda zake garini.

Raundi ya kwanza ikapita bila simu kulia. Wageni wakaaga mmoja mmoja, wakikwepa kumtazama mwenyeji. Ijumaa raundi ya pili ikapita pia. Raundi ya tatu simu ikalia, na alikuwa Colby Rusk, na Jarvion ilibidi aseme asante, mbele ya kamera, kwa sauti ya kusikika.

Jumatatu Verlon akapeleka barua ya kuacha kazi. Colby hakumzuia. Ila wiki ile ile Jarvion aliporipoti kwenye timu mpya, Colby alimketisha ofisini, akamwambia kwa huzuni kwamba uchunguzi wa ndani umeonyesha aliyevujisha ni yule mzee, alizoea kunywa na waandishi, na ndiyo maana ameondoka. Verlon hajawahi kuonja pombe maishani mwake. Ni Mbaptisti.

Niliposikia hayo nilipanda ndege mara ya kwanza baada ya miaka tisa, nikamtafuta Jarvion kambini. Nilimsimulia simu niliyoisikia kwa masikio yangu, neno kwa neno.

"Najua, Kocha," alisema. "Nilijua tangu yule jamaa anaongea. Namtazama mtu mdomoni tangu utoto. Colby mdomo wake unafika kabla ya macho yake."

"Basi mpigie mzee. Anaumia."

Alifikiri. Walinzi walikuwa wanagongana nyuma yake, naye hakugeuka.

"Kocha, mimi sikumwambia Colby. Ningemwambia Colby, ningesema Colby kanisaliti. Nilimwambia mzee."

Sasa Jarvion anacheza mwaka wa nne kwenye timu ile ile, vizuri kuliko wavamizi wote waliochaguliwa kabla yake, na bado hajaruka kabla ya mpira. Colby amepandishwa tena, na kwenye mahojiano hupenda kueleza alivyomgundua. Verlon anaishi kwa dada yake huko Misisipi, analima nyanya. Nikimpigia tunaongea nyanya. Jumapili, siku ya mechi za timu za kulipwa, dada yake anasema, anatoka nje televisheni ikiwashwa.

Septemba iliyopita Colby alikuja Tensler mwenyewe. Kwa cheo chake hakuhitaji kuja; nadhani alitaka kuona kama nitamfungulia mlango. Alivuta kile kiti kigumu, akakaa, akatazama video za mvamizi wangu mpya, kijana mzuri wa mwaka wa tatu ambaye wiki mbili kabla alinijia analia kuhusu bega lake bovu analolificha. Ilipoisha alifungua daftari.

"Niambie, Kocha. Ana nini huyu ambacho hakipo kwenye video?"

"Hana kitu," nikasema.

Colby akaandika.