Herufi Nane za Mdogo Wake

Fundi cherehani alimwonea kijicho mdogo wake, maana kaka yao aliye ng'ambo alimtumia yeye tu pesa kila mwezi. Siku moja alichungulia pochi ya mdogo wake, akakuta karatasi yenye herufi nane, akadhani ndizo siri ya zile pesa, akazinakili na kukimbilia benki roho juu.

“Na mimi nitengenezeeni kama hizi!”

Karani alicheka mpaka akavua miwani. “Dada, hizi ni za benki yetu, za kupokelea pesa kutoka ng'ambo. Zinaonyesha benki, nchi na mji. Kila mteja wetu hutumia hizohizo. Tumezibandika ukutani, nyuma yako.”

Fundi akageuka, akaziona. Sasa mdogo wake alimzidi nini? Akakumbuka kaka yao alipolazwa. Mdogo wake alimpigia simu kila siku. Yeye alipiga mara moja tu, kuomba cherehani mpya.