Nyayo Kumi na Tisa

Ukitaka chipsi za Irène Wozniak siku ya Jumamosi, panga foleni na uvumilie maneno. Gari lake huegeshwa kwenye uwanja wa soko, mbele ya kanisa, na kutoka dirishani pake kiwanja cha riadha kinaonekana chote. Fulgence, muuza samaki, hajawahi kupita pale kimyakimya.

"Irène, leo usisubiri sana, zitaungua!"

"Mimi nilisubiri mara moja," Irène humjibu huku akizungusha chujio kwenye mafuta. "Wewe umeondoka mapema mara tatu, na wake wote watatu wamekuangusha!"

Watu hucheka mpaka mayonezi inawamwagikia. Mzaha huo una miaka arobaini, na mji mzima unajua unatoka wapi. Irène naye hucheka. Lakini mpaka mwaka jana, akishageuka kukata viazi, uso wake ulibadilika kidogo, maana maneno hayo yalikuwa bado yanamchoma.

Tuanze na sifa zake, kwa sababu ni zake na hakuna aliyempa bure. Irène ni binti wa Stanislas Wozniak, Mpoland aliyechimba makaa ya mawe miaka thelathini na mmoja. Alizaliwa kwenye zile nyumba za matofali mekundu zilizofanana kama mayai, akawa mfupi, mwenye miguu minene na ubishi mwingi. Shuleni wasichana warefu walimwita Kiazi. Siku ya mashindano ya shule walipofika kwenye kona, Kiazi akawapita wote kwa mpigo. Warefu kona huwatupa nje, yeye ilimkumbatia. Tangu siku ile hakuna aliyemwita Kiazi, ila yeye mwenyewe, alipoandika jina la biashara kwenye gari lake.

Alipofika miaka kumi na tisa aliitwa timu ya taifa ya Ufaransa, mbio za kupokezana vijiti, mita mia moja mara nne. Akapewa mguu wa tatu, yaani kona ya pili. Ni nafasi isiyo na picha gazetini: wa kwanza hupigwa picha akianza, wa mwisho akimaliza, wa kona huonwa na mama yake tu. Irène hakujali. Miaka kumi na moja alikimbia, klabu na taifa, na kijiti hakikuanguka mkononi mwake hata mara moja. Hata mara moja! Tafuta mwingine uniletee.

Kazi hiyo alifundishwa na Bwana Rigaudeau, kocha mwenye sauti ya mlango mbovu. Yeye ndiye aliyemfundisha kuhesabu nyayo. Kabla ya mbio, unasimama mahali utakapoanzia, unageuka kuelekea anakotoka mwenzako, unahesabu nyayo zako kisigino kwa kidole, kisha unabandika kipande cha utepe chini. Mwenzako akikanyaga utepe, wewe ondoka bila kugeuka nyuma. Akipiga kelele "Hop!", nyoosha mkono. Nyayo zikiwa nyingi mno, utamkimbia mwenzako na eneo la kupokezana litakwisha hajakufikia, mtatolewa. Zikiwa chache, atakurukia mgongoni. Za Irène kwa Maryvonne, mwenzake wa kumpa kijiti, zilikuwa ishirini na nne, na Rigaudeau alizijua kama tarehe ya kuzaliwa kwake.

"Na kabla hajafika, mtazame mapaja," alikuwa akimwambia. "Uso hudanganya. Paja halijui kudanganya."

Maryvonne Kerbrat alikuwa mguu wa pili, binti wa pwani ya Bretagne, mkubwa kwa Irène kwa miaka saba. Alikuwa na miaka thelathini na moja walipofika fainali ya Ulaya, na hakuwa amewahi kupata medali hata ya bati. Saa moja kabla ya mbio alimvuta Irène chooni, akafunga mlango.

"Shoga, paja la kushoto limekaza. Limekaza vibaya."

"Mwambie kocha."

"Nikimwambia ananitoa. Mama amekuja, Irène. Amepanda treni kwa mara ya kwanza maishani mwake. Niapie hutasema."

"Una wazimu wewe! Utatuponza wote!"

"Niapie."

Irène aliapa, huku akimtukana. Kisha akatoka kiwanjani kupima alama yake. Alihesabu mpaka kumi na tisa, akasimama. Akautazama utepe mkononi, akaubandika hapohapo. Nyayo tano pungufu, na hakumwambia mtu, hata Maryvonne.

Mbio zilipoanza, Maryvonne alikuja akiwa ameuma meno. Uso wake ulikuwa wa simba, paja lake lilikuwa la mgonjwa. Irène alisubiri utepe ukanyagwe, akaondoka, akasikia "Hop!", akapokea. Kona ile aliila kama mkate. Wakamaliza wa tatu. Shaba! Maryvonne alilia mpaka akatapika.

Rigaudeau yeye alikuwa kwenye jukwaa la upande wa pili, na kutoka kule aliona jambo moja tu: Irène amechelewa kuondoka. Alikuja akihema, akakuta utepe bado upo, akamwambia apime mbele ya wenzake. Irène akapima. Kumi na tisa.

"Uliogopa kuangusha," kocha akasema. "Dhahabu ilikuwa yetu, na wewe ukajiwekea akiba ya nyayo tano. Mwoga."

Maryvonne alikuwa kwa daktari kwa sababu ya kutapika, hakusikia. Irène alishika kiapo chake. Mwaka uliofuata jina lake halikuwemo kwenye orodha, gazeti la mji wake likaandika kwa nini, na mzaha wa kusubiri ukazaliwa.

Aliporudi nyumbani na medali mfukoni, alimweleza mtu mmoja tu, baba yake, kwa sababu mchimbaji hujua kutunza siri. Mzee Stanislas alikuwa anakunywa kahawa yake ya chikori, akasikiliza mpaka mwisho.

"Mlishuka wanne?"

"Wanne, tato," Irène akamjibu, yaani baba kwa Kipoland.

"Mkapanda wanne?"

"Wanne."

"Basi. Kule chini mwenzako akichechemea, unapunguza mwendo. Anayetangulia juu peke yake hatumwamkii." Akaitundika ile medali kwenye msumari wa taa yake ya mgodini, na mpaka leo ipo hapo.

Irène aliendelea kukimbia katika klabu yake miaka sita zaidi, akanunua gari la chipsi, na jioni za Jumatano akawafundisha watoto wa mji kupokezana. Basi mwaka jana klabu ikaamua kukipa kiwanja jina lake. Mwenyekiti, Sabrina, aliyefundishwa na Irène mwenyewe, alikuja dirishani akimeremeta.

"Tumekuandalia jambo, mama Irène. Tumemwalika Bwana Rigaudeau aje ahutubie!"

Chujio likamponyoka Irène. "Mmemwalika nani?"

Wiki nzima hakulala vizuri. Fulgence hakumtisha, wala gazeti la zamani. Alichoogopa ni watoto wake wa Jumatano: wasikie neno lile, mwoga, wamtazame kwa macho mengine, siku yenyewe jina lake linapobandikwa ukutani. Kusema ukweli hakuweza. Kiapo ni kiapo, na Maryvonne naye angekuja, na ile keki ya siagi ambayo humtumia kila mwaka.

Siku ikafika, meza zikapangwa kando ya kiwanja, bia na keki za waffle zikatoka. Rigaudeau, miaka themanini na minane, alisimama kwa fimbo. Sauti ilikuwa ileile.

"Mtoto huyu alikuwa bora kuliko wote niliowafundisha kukimbia kona," alisema. Watu wakapiga makofi. "Ila mimi sisemi uongo mbele ya watoto. Siku ya siku alipunguza nyayo tano. Aliogopa. Bado inaniuma."

Irène alimtazama Maryvonne ng'ambo ya meza, akamtikisia kichwa: usithubutu. Lakini Maryvonne alikuwa ameshasukuma kiti.

"Aliogopa?" Akajipiga paja la kushoto, likalia kofi. "Huu hapa mguu uliokukosesha dhahabu, Rigaudeau! Ulikuwa umekufa kabla ya bunduki kulia, na nilimwapisha asikwambie! Hiyo hadithi ya nyayo tano ndiyo kwanza naisikia leo. We Irène, miaka arobaini unakula keki yangu na hukunieleza? Kijiti nilimpa eneo limebaki hatua mbili kuisha. Hatua mbili, bwana! Angeweka zako ishirini na nne, tungerudi mikono mitupu."

Rigaudeau akamgeukia Irène.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungemtoa."

"Ningemtoa, ndiyo."

"Basi ndiyo sababu. Na ni wewe uliyenifundisha kutazama mapaja."

Mzee aliinamisha kichwa. Halafu akaomba utepe. Sabrina akampa, akidhani anataka kufunga kitu. Rigaudeau akaburuta fimbo mpaka kwenye kona ya pili, akamwita Irène.

"Pima."

Irène alipima na viatu vyake vya sherehe, kisigino kwa kidole, mji mzima ukihesabu kwa sauti, Fulgence akiwashinda wote kwa kelele. Walipofika kumi na tisa, Rigaudeau alipiga magoti, jambo lililomchukua muda na watu wawili, akabandika utepe kwa mkono wake.

"Nilihesabu nyayo," alisema akiwa bado chini, "sikuuliza. Mwoga nilikuwa mimi, mwanangu. Nisamehe."

"Inuka, mzee, utapata baridi," Irène akasema, naye analia waziwazi.

Utepe ule bado upo. Mvua huung'oa, na Jumatano watoto hubandika mwingine, hawakosei hata unyayo mmoja. Fulgence bado hupita kila Jumamosi na kusema, "Irène, subiri, nakuja!" Naye humjazia pakiti mpaka inamwagika, na hamtozi nyongeza.