Mtia Wanga wa Juchitán

Itangazwe kanisani na sokoni: hapa Juchitán heshima ya mwanamke haikai moyoni, inakaa kwenye marinda meupe ya pindo la sketi yake, na mwenye funguo zake ni mtia wanga, yule anayeyakakamaza kwa uji wa wanga. Huyo hamtazami mtu usoni. Humtambua kwa pindo. Hukunja rinda mojamoja kwa kucha, akiimba kwa pua, na wanga huuonja kama mchuzi.

Siku ya sherehe ya mtaa Bi Eustolia aliingia mbio kwa mtia wanga. Mwaka jana wifi yake alimfunika kwa marinda mbele ya mji mzima. Akayaona marinda kambani, yamekakamaa kama ubao, akayabusu.

"Mama we! Haya ndiyo marinda! Leo wifi yangu atazimia!"

"Hayo ni yake," alisema mtia wanga, bila kuinua kichwa. "Yako yangali kwenye beseni."