Tapeti Kumi na Sita za Fundi Nzioka

Mimi sijawahi kuamini mtu wa kunyamaza. Mwenye kelele unajua amesimama wapi, lakini huyu wa kimya, anapiga hesabu gani huko ndani? Ndiyo maana siku ya kwanza nilipompelekea Nzioka gari yangu hapo Kitengela, mwaka wa 2001, nilimchukia hata kabla hajashika spana.

Nzioka alikuwa Mkamba wa Mwala, mtu wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, shati la kazi amelifunga vifungo mpaka shingoni hata jua la saa nane likiwaka. Miaka kumi na mbili alikuwa ametengeneza magari ya mashindano huko Industrial Area, Nairobi. Wenye magari walipofunga kazi mwaka wa tisini na nne, akahamia Kitengela na sanduku moja la vifaa. Mkewe Mwongeli, tuliyemwita Mama Muthama, akaweka meza langoni mwa yadi, akawa anauzia mafundi chai na chapati. Nzioka hakuwa na signboard wala redio. Alichokuwa nacho ni bisibisi ndefu. Aliiweka ncha juu ya injini inayonguruma, mpini sikioni, akafumba macho, na ukimuuliza kitu anakuinulia kidole unyamaze. Fikiria, fundi anakunyamazisha na gari ni yako!

Yadi yenyewe ilikuwa ya mzee Saning'o, aliyewakodishia mafundi wanane nafasi na kuwawekea sheria moja. Anayeingiza mkono kwa kitu cha mteja kisirisiri, anatoka siku hiyo hiyo na harudi. Mwaka uliotangulia fundi mmoja aitwaye Kitheka alitolewa kwa sababu ya alternator moja tu, na habari zikamtangulia kila mahali. Hakuna yadi nyingine Kitengela iliyomfungulia. Sasa anachoma makaa huko kwao, nilisikia.

Na gari yangu je? Ilikuwa turbo, ya zamani, niliyoinunua kwa mtu aliyekuwa akikimbiza magari wikendi kwenye vumbi ya Kajiado. Mke wangu Selpha alipoiona mara ya kwanza alicheka mpaka akashika ukuta. "Elphas, hii ni ya kubeba nini? Watoto wawili na sukuma wiki?" Wacha acheke. Mimi nilikuwa karani wa stoo kwa shamba la maua, mtu ambaye hakuna anayegeuka kumwangalia, lakini nikikanyaga mafuta pale barabara ya Namanga, vichwa vinageuka.

Halafu ikaanza kulia. Tik, tik, tik, juu ya injini, asubuhi kidogo, baadaye siku nzima. Nzioka aliweka bisibisi yake sikioni, akafumba macho, akakaa hivyo mpaka nikataka kumtikisa.

"Ni tapeti," akasema, yaani vile vyuma vidogo vya kusukuma valvu. "Zimekufa. Ziko kumi na sita."

"Zote?"

"Zote tubadilishe. Umekuwa ukiweka oili nzito, na unachelewa kuibadilisha."

Umesikia? Hajamaliza hata dakika kumi, tayari kosa ni langu na vipuri ni kumi na sita! Nilimwambia basi nitavinunua mwenyewe. Akasema sawa. Hakubisha hata kidogo, na hiyo ikanifanya nimshuku zaidi.

Nilipanda hadi Nairobi, nikanunua tapeti kumi na sita mpya, nikazihesabu mbele ya muuzaji mara mbili. Jumamosi nikaomba ruhusa kazini, nikachukua jerikeni tupu, nikaikalia kando ya gari. Mtu wa huku anajua gari haliachwi kwa gereji peke yake. Unalilinda vile unavyolinda mgonjwa asiibiwe blanketi.

Lazima niseme ukweli, Nzioka alifanya kazi ya kupendeza macho. Alitandaza gunia safi, akafungua kifuniko cha juu ya injini, akatoa vyuma vya zamani akivipanga mstari, kila kimoja kwa nafasi yake. Kisha akamimina oili nyepesi kwenye karai, akaziweka zile mpya ndani. Tapeti ni kitu kidogo, kama ncha ya kidole gumba, lakini ndani yake oili huingia kwa kashimo kadogo ka sindano, ikajaa, ikasukuma valvu bila kelele. Ikikosa oili inabaki tupu, inagonga. Nzioka alishika moja moja chini ya oili, akaibonyeza kwa waya mwembamba, mapovu yakapanda, akabonyeza tena mpaka mapovu yakaisha na ikawa ngumu kama jiwe. Kumi na sita, hivyo hivyo, saa moja na nusu, bila neno.

Alipomaliza, akafunika karai kwa kitambaa. "Naenda kunywa chai. Usiziguse, Bwana Elphas."

Kwa nini nisiziguse? Ni zangu! Na kwa nini amezifunika? Pale pembeni kulikuwa na sanduku lake, na ndani ya sanduku nani ajuaye kuna tapeti ngapi kuukuu za kupakwa oili zikafanana na mpya? Damu ikanipanda. Lakini nilikuwa nimejipanga. Mfukoni nilikuwa na chupa ya Selpha ya rangi ya kucha, ile cutex ya damu ya mzee iliyoiva karibu kuwa nyeusi, niliyoichukua asubuhi bila kumwambia. Kila mwenye gari ninayemjua anaandika namba kwenye vioo na taa. Mimi nitaweka alama kwa tapeti. Akizibadilisha, nimemshika.

Swali lilikuwa, nipake wapi? Juu itasuguliwa. Ubavuni itakwaruzwa. Nikaona kale kashimo. Kamekaa ndani, kamejificha, hakuna kinachokagusa. Haki nilijiona mjanja! Nikawa nafuta moja kwa leso, natia tone ndani ya kashimo, napuliza ikauke, narudisha. Nilikuwa nimefika ya kumi na moja nikaona Nzioka ameweka kikombe mezani kwa Mama Muthama. Nikafunika karai, nikarudi kwa jerikeni yangu.

Alizifunga zote siku hiyo. Tulipowasha, injini iligonga kidogo, akasema zitajaa nikitembea nayo. Nikatembea nayo. Jumapili inagonga. Jumatatu inagonga kuliko mwanzo, mpaka walinzi wa shamba la maua wakaniuliza kama nimenunua cherehani. Nilipopita langoni wakicheka, nilijua. Nzioka amenibadilishia.

Niliingia yadi jioni ile nikipiga kelele kabla sijazima gari. Nilimwita mwizi. Nilisema ameniwekea takataka za mtu mwingine na zangu ameziuza. Mafundi wote wakaacha kazi. Nzioka alisimama tu na kitambaa mkononi.

"Sijabadilisha," akasema.

"Ni hayo tu uko nayo ya kusema?"

"Ni hayo."

Mzee Saning'o alitoka kwa kibanda chake na fimbo yake. Nilimsalimu kwa Kimaasai, supai, kwa hasira, akaniitikia ipa polepole, kama ananifundisha adabu. "Bwana Elphas, umesema neno kubwa. Unaweza kulithibitisha?"

"Naweza, mzee. Niko na njia yangu ya kujua. Ifunguliwe mbele ya watu."

"Itafunguliwa kesho asubuhi. Kama ni kweli, Nzioka atatoka na sanduku lake. Kama si kweli, tutajua la kufanya."

Nililala vizuri. Nasema ukweli wa Mungu, nililala kama mtoto. Kabla sijalala Selpha aliniuliza mbona nina furaha hivyo, nikamwambia kesho kuna mtu ananyolewa.

Asubuhi nilipofika, Mama Muthama hakuwa amewasha moto. Sufuria zake zilikuwa zimefungwa ndani ya leso, meza imegeuzwa miguu juu. Hata kabla ya kesi, wateja wawili walikuwa wamekuja kuchukua magari yao kwa Nzioka, habari zilishatembea. Mama Muthama aliniangalia, akanisalimu vizuri, "Umeamkaje, Baba Melvin?" Melvin ni mtoto wangu wa kwanza. Sikujua alimjulia wapi. Nikajibu kwa kukohoa.

Nzioka alifungua. Watu wamezunguka, mzee Saning'o amekaa kwa jerikeni yangu. Alitoa tapeti moja moja, akazipanga kwa gunia, akaanza kuzibonyeza kwa ule waya. Zilizokuwa ngumu akaziweka kulia. Zilizonywea, tupu, zisizo na oili, kushoto. Mimi nilikuwa nimechuchumaa, nazitazama upande wa kashimo, nasubiri kuona alama haipo.

Ya kwanza ilikuwa na alama. Ya pili pia. Nikafikiri, sawa, hizi ameziacha, atakuwa amebadilisha zingine. Ya tano, ya nane. Alama yangu ipo, nyeusi, imekauka na joto, imeziba kabisa, na mtu mwingine angedhani ni uchafu wa oili. Kila yenye alama ilikwenda kushoto.

"Ngumu ni tano," Nzioka akasema. "Zilizokufa ni kumi na moja."

Kumi na moja! Hakuna aliyejua hiyo namba duniani isipokuwa mimi.

Nzioka aliinua moja kwenye jua, akaifinyia macho. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka. "Oili haikuingia," akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mzee, mimi sikubadilisha. Lakini kazi ni yangu. Labda uchafu uliingia kwa karai yangu. Miaka yote sijawahi kuona kitu hivi. Sijui nilikosea wapi."

Alikuwa anajishuku mwenyewe. Yule mtu alikuwa anarudi nyuma kichwani mwake, hatua kwa hatua, anatafuta kosa lake.

Mzee Saning'o akanigeukia. "Ulisema uko na njia yako ya kujua. Sema sasa. Ni zako au si zako?"

Nilinyamaza. Mimi! Neno moja tu lilitosha. Ningesema si zangu, yaishe, Nzioka achukue sanduku lake, na ile cutex ningeitupa Athi River. Na niliifikiria, sitadanganya. Niliifikiria mpaka mzee akauliza mara ya pili. Halafu nikamwona Mama Muthama nyuma ya watu, amebeba leso ya sufuria kichwani, tayari kwenda, na aibu ikanishinda.

"Ni zangu," nikasema. "Zote ni zangu. Mimi ndiye nilizitia rangi kwa kashimo, alipoenda chai. Nilitaka kumshika."

Fundi mmoja akasema, "Aiya!" na wengine wakacheka, kicheko kibaya cha kunitazama kutoka kichwa mpaka viatu. Nzioka hakucheka. Alichukua sindano, akakwangua kashimo ka ile aliyoishika, kipande cha rangi kikabanduka, akakiangalia kidoleni mwake muda mrefu.

Mzee Saning'o akasimama. "Sheria ni ya aliyeingiza mkono kisirisiri. Sikusema lazima awe fundi. Itoeni hiyo gari."

Wakaisukuma gari yangu nje, injini iko wazi, mpaka ukingo wa barabara. Nilibaki hapo juani na vyuma vyangu kwa gunia. Ningelia au ningefanya nini?

Nzioka akatoka. Na karai, oili na sanduku lake. Alizikwangua kumi na moja zote, akazisafisha na petroli, akazijaza upya, akafunga, mpaka saa tisa. Nilimwomba msamaha mara tatu na mara tatu alininyooshea kidole ninyamaze, anasikiza kazi. Alipowasha, injini haikutoa hata tik moja.

Ndipo akaja mbele yangu. Akageuza mifuko ya suruali yake nje, yote miwili, akainua mikono juu pale barabarani, watu wakipita.

"Nikague."

"Fundi, tafadhali. Sina haja. Nakuamini."

"Nikague, Bwana Elphas. Leo unasema huna haja, kesho utaanza kusikia kitu."

Sikuweza kumgusa. Nilianza kulia kama mtoto, mtu mzima mimi, na yeye akashusha mikono, akabeba sanduku, akarudi ndani mifuko ikining'inia. Mama Muthama alikuwa anageuza meza yake isimame.

Nilipanda gari, nikaelekea nyumbani machozi hayajakauka. Ilikuwa inaenda kimya, laini, vile haijawahi kwenda tangu niinunue. Na sijafika hata kona ya kwanza, nikajipata nimezima redio na kufunga dirisha, nasikiliza.