Sinia na Makopo ya Aiskrimu

Naikumbuka Jumatatu moja ya baridi, mwanangu, tulipokuwa tukiishi watu watatu kule Troyeville, Joburg, siku friji letu lilipokufa. Ulikuwa mwaka wa mgao, 2015. Umeme ulikatika alasiri, ukarudi jioni kwa kishindo, friji likatoa mlio mmoja na moshi kidogo, basi. Ilunga, kinyozi wa Lubumbashi tuliyekuwa tukiishi naye, akafungua sehemu ya barafu aone cha kuokoa. Hakukuta nyama wala samaki. Alikuta makopo ya aiskrimu yamepangwa mpaka juu, na yote yalikuwa yangu.

Nirudi nyuma kidogo ndipo utaelewa.

Siku zile sikuwa kijana mbichi, ila kiburi cha ujana kilikuwa bado hakijanitoka. Nilikuwa nauza mikanda na kava za simu Marshalltown, nimekaa juu ya kreti kutwa nzima. Asubuhi magwinya, ambayo ni maandazi yaliyonyimwa iliki. Mchana kota, robo ya mkate iliyochimbwa ndani ikajazwa chipsi na achari. Mwili ukanenepa, na nyumbani Tanga wakiona picha zangu walifurahi, wakisema Joburg imenikubali. Sikukataa sifa. Kisha siku moja kichwa kikaniuma, nikaenda kliniki. Nesi akapima presha, akapima tena, akaniuliza baba yangu alikufa kwa nini. Nikamwambia, kiharusi.

"Punguza huo mwili, baba," akasema, "la sivyo utamfuata."

Niliogopa, mwanangu. Baba yangu alianguka chooni, nami nilikuwepo majirani walipombeba kumtoa. Mzaha mzaha hutumbua usaha, nikajiambia, na kuanzia wiki ile nikashika mwiko.

Nilipika kila Jumapili, Ilunga akiwa kanisani. Sufuria moja kubwa: mahindi ya kukoboa ambayo wenyeji huyaita samp, na maharage, yale yale makande ya kwetu, nimeyaloweka tangu jana yake. Kabichi, karoti, dengu, samaki wa kopo kidogo kwa ladha, mafuta kijiko tu. Ndivyo vyakula rahisi kuliko vyote pale sokoni, na ukipika mara moja kwa wiki hata umeme unapumua. Chakula kikipoa nilikigawa kwenye makopo matupu ya aiskrimu, upawa mmoja na nusu kila kopo, nikakigandisha. Kwenye mapishi sikukosea, nawe yachukue hivyo hivyo yalivyo.

Tatizo lilikuwa sinia. Pale nyumbani tulikula sinia moja. Aliyeileta desturi hiyo ni Mzee Shomari, fundi cherehani wa Pangani, mkubwa wetu, na hata Ilunga, Mkristo wa watu, alishajifunza kukunja miguu mkekani. Sinia unalijua. Huwezi kupima ulichokula, na ukitoa mkono mapema unaulizwa una nini, kisha unasukumiwa mnofu upande wako. Nikaona nikiendelea kukaa pale nimekwisha. Lakini mwanamume mzima, niliyesifiwa kwa kitambi, nitawaambiaje wenzangu kwamba napunguza mwili? Basi nikawa nasema nimeshiba. Nasubiri wamalize, napasha kopo langu, nalila kitandani nimewapa mgongo.

Miezi ikapita hivyo. Ilunga akaacha kunitania. Mzee Shomari naye akaacha kuniita chakula kikiiva, na mzee wa Kitanga akiacha kukukaribisha chakula, jua umemuumiza.

Sasa turudi kwenye friji. Makopo yalikuwa yanayeyuka, na kwetu kumwaga chakula ni dhambi. Mzee Shomari akayafungua moja moja. Akayamimina yote sufuriani, akapasha, akapakua kwenye sinia.

"Hamisi, njoo ule," akasema. "Leo hujashiba."

Nikakaa. Ilunga akaonja makande, akaonja tena, akatambua ni chakula cha mtu anayejinyima mafuta, akaacha kula, akaniita kama wanavyomwita kaka kwao.

"Yaya, sasa juu ya nini haukusema? Miye nilikuwa nawaza unatuogopaka sumu."

Neno lile lilinichoma. Kumbe miezi yote ile kijana wa watu alikuwa analala chumba kimoja nami, akiamini kwamba mimi namdhania mchawi! Nikatoa yote: nesi, presha, baba yangu kule chooni. Mzee Shomari alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipa langu.

"Ulikuwa unamficha nani? Ukianguka humu ndani, ndugu zako wako Tanga. Ni mimi na huyu Ilunga tutakaokubeba ngazi zote zile, lifti yenyewe mbovu. Na tazama ulivyo mzito! Mchukuzi haambiwi hata mzigo una nini? Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Ilunga akacheka, nami nikacheka, kisha nikalia mbele yao kama mtoto.

Tulipopata friji la mtumba, sufuria ya Jumapili ikawa ya wote. Ilikuwa rahisi zaidi, maana watatu tulinunua gunia badala ya pakiti. Mzee alinung'unika wee, mwisho akakubali nazi iwe ya Ijumaa tu. Kila mmoja alipakuliwa upande wake wa sinia, na mkono wangu ukivuka mpaka, Mzee aliugonga kwa mwiko. Nikapungua taratibu. Wenzangu wa Marshalltown wakaanza kunong'ona kwamba naumwa, na Ilunga ndiye aliyewajibu: "Haiko mugonjwa. Anakulaka muzuri." Niliporudi kliniki, nesi alitazama kipimo, akaniambia, "Sharp, baba," yaani safi kabisa. Nilipanda zile ngazi zetu siku hiyo bila kupumzika njiani, nikaenda kumwambia Mzee kabla hata sijavua koti.

Mwanangu, nayasema haya kwa sababu nimefungua friji asubuhi nikaona makopo yako, umeyaandika jina. Makopo ni mazuri, usiache. Pika sufuria kubwa, pika maharage na mboga, pima kwa upawa wala usipime kwa macho, maana jicho lenye njaa halina mizani. Lakini usile umetupa mgongo. Mama yako ameshaniuliza mara mbili amekukosea nini. Mwambie unachokiogopa, na mwambie mapema. Mkono wako ukivuka mpaka, awepo wa kuugonga.

Nenda kale, mwanangu. Mungu akupe watu wa kukubeba, na siku ya kubebwa aiweke mbali.