Chumvi Ililowa kwa Chini

Chausiku hakusahau, na hakuna mutu alikuwa na haki ya kumuomba asahau. Walimuambia, "Achana na ile mambo, ni ya zamani." Ya zamani kwao waliokuwa wakicheka. Kwake yeye, kila mutumbwi ukiingia pwani ya Rumonge na ule wimbo, mambo yalikuwa ya leo hii hii, mabichi.

Ilikuwa wakati wa Wadachi, bendera yao iko juu, askari wao wanapita na kiboko mukononi, na biashara yote ya pwani inakwenda kwa maji. Rumonge kulikuwa na nyumba moja ya kupeleka mizigo, nyumba ya Bwana Kassimu, mungwana aliyetoka Ujiji na watu wake. Mutu akitaka kupeleka chumvi kwa ndugu yake Minago, ao shuka kwa mukwe wake Nyanza, ao jembe, ao shanga za bibi harusi, analeta kwa Bwana Kassimu. Ndani ya ghala muzigo unafungwa. Pwani unapakiwa kwenye mutumbwi, wapiga kafi wanaupeleka. Kazi mbili, muzigo ni ule mumoja. Lakini heshima, loo! Heshima yote ilipanda mutumbwi.

Wapiga kafi ndio walikuwa watu. Wakirudi safari wanachinjiwa mbuzi, wanatandikiwa mukeka wa mbele. Watu wa ghala, wanawake karibu wote, na wazee wawili wenye mugongo mubovu, wanangoja ukoko. Mupiga kafi akipiga chafya tu, "Pole, simba wa maji!" Muke wa ghala akikatwa kidole na kamba mupaka mufupa unaonekana, anaambiwa, "Angalia usichafue shuka ya watu." Ndivyo ilivyokuwa, na mutu asije kusema Chausiku alizidisha.

Naye alikuwa anajua kufunga. Chumvi aliitia ndani ya kanda la ukindu, kwanza amelitandika majani ya mugomba yaliyokauka mupaka yanalia kama karatasi. Halafu anashona mudomo wa kanda kwa sindano kubwa ya mama yake, anamaliza na fundo. Kila mwenye muzigo alikuwa na fundo lake, na huko uendako, mutu akiona fundo anajua: hili langu.

Sasa kiongozi wa mutumbwi mukubwa alikuwa Alimasi. Mwanaume wa sauti, kifua amekipaka mawese king'ae, anatembea pwani kama ziwa alilichimba yeye. Siku moja akarudi kutoka Minago na makanda ya chumvi yamekataliwa. Chumvi imekuwa uji. Akayabwaga mulangoni pa ghala, watu wote wanaona.

"Bwana Kassimu, tazama kazi ya wanawake wako! Huyu Chausiku anatandika majani mabichi. Majani yanatoka jasho, chumvi inalowa. Sisi tunavunja mikono, yeye anatuaibisha."

Chausiku akashika kanda, akaligeuza. "Bwana, shika hapa juu. Kavu. Sasa shika chini. Majani mabichi yangelowesha pande zote. Hii chumvi ililowa kwa chini. Imekaa kwenye maji ya mutumbwi!"

Alimasi akacheka, wapiga kafi wakacheka naye. "Sikieni! Muke wa ghala anafundisha ziwa! Wewe dada, umewahi kulowa wapi, kama si kwenye karo la kuoshea vyombo?"

Bwana Kassimu akamutazama Alimasi, akamutazama Chausiku, akapima. Mutumbwi bila Alimasi hauondoki. Ghala bila Chausiku, ataweka mwingine. Basi ukweli ukaamuliwa kwa namna hiyo, kama wanavyoamua wakubwa kila siku. "Chausiku, toka ghalani. Utakwenda kukamua mawese. Sindano muachie Mwamini."

Sindano ya mama yake! Mwamini alikuwa rafiki yake, akaipokea analia. Lakini aliipokea.

Hiyo peke yake ingetosha kumuchoma mutu. Wapiga kafi wakaongeza. Mutumbwi wa nyumba ile ulikuwa na desturi yake: mumoja anatupa neno, wengine wote wanajibu kwa kafi na kwa mudomo, "Ego, ni kweli!" Alimasi akatunga:

*Chausiku kafunga chumvi, chumvi imegeuka uji!*
*Ego, ni kweli!*
*Akilifunga na jua, jua nalo litalowa!*
*Ego, ni kweli!*

Wakauimba Minago. Wakauimba Nyanza. Wakina mama wakautwangia mihogo. Chausiku akipita sokoni Gatete, watoto ambao hakuwazaa wala kuwajua wanamuita Mukono-Maji. Alipoposwa na mutu wa Nyanza, mama wa yule mwanaume akauliza, "Ni yule wa wimbo?" Posa ikarudi ilikotoka. Miaka ikapita, mikono yake ikawa myekundu ya mawese haitoki tena, na Alimasi akazidi kunenepa.

Halafu shangazi yake akafa Minago. Chausiku akamuomba Bwana Kassimu apande mutumbwi aende matanga, naye akakubali, kilio hakikataliwi. Alimasi akavuta mudomo. "Mukono-Maji ndani ya mutumbwi wangu? Haya, panda. Kaa nyuma, usiguse kitu, tusije tukayeyuka."

Chini ya mutumbwi ule kulikuwa na kitanda cha fito, muzigo ukae juu, maji yanayoingia yapite chini yake. Kutoka Rumonge makanda ya chumvi yalilala juu ya fito vizuri, Bwana Kassimu mwenyewe amesimama pwani anaona. Wakapiga kafi mupaka wakazunguka rasi, Rumonge haionekani tena. Hapo Alimasi akaelekeza mutumbwi kwenye kipwani kidogo. Walikuwepo watu wanangoja, na mizigo ya ndagala kavu, vile visamaki vidogo vya ziwa, imejaa pale muchangani. Mizigo ya nani? Ya Alimasi! Biashara yake, ya siri, ndani ya mutumbwi wa mutu mwingine.

Na ndagala ikilowa inaoza. Basi wakashusha chumvi kutoka kwenye fito, wakaitia chini kabisa, kwenye maji, na ndagala zikapandishwa juu kama maharusi.

Chausiku alikuwa pale. Miguu yake iko ndani ya maji yale yale, kanda la chumvi limeegemea kisigino chake. Alimasi akamuona anaangalia, unajua alisema nini?

"Angalia tu, dada. Ukisema, nani atakusikia?"

Hakumuficha! Huo ndio ubaya wenyewe. Mwizi anayejificha angalau anakuhesabu kuwa mutu. Chausiku akafunga mudomo, yeye ambaye mudomo wake ulijulikana tangu Rumonge mupaka Nyanza. Akaufunga kama anavyofunga kanda.

Karibu na Minago wakashusha ndagala kwa wanunuzi wao, wakarudisha chumvi juu ya fito, inachuruzika. Wenye mizigo walipokuja wakaanza kupiga kelele. Alimasi akainua mikono. "Poleni, ndugu zangu. Ni yule mufungaji wa sasa, Mwamini. Majani mabichi tena! Wanawake hawa!"

Mwamini, mwenye watoto wadogo na mume mugonjwa. Chausiku alilia matanga yale, na watu wakasema alimupenda sana shangazi yake. Alimupenda, ndiyo. Lakini mengine yalikuwa machozi ya hasira.

Mutumbwi ukaenda mbele kaskazini, ukarudi kumuchukua. Alipopanda, Alimasi alishakuwa na wimbo mupya, wa Mwamini, na wapiga kafi wanaufanyia mazoezi, wanacheka. "Leo Bwana Kassimu atamutoa ghalani," akasema mumoja, Asmani, mwenye sauti kubwa kushinda akili. "Mukono-Maji atapata mwenzake wa mawese!"

Sasa, ile desturi ya mutumbwi ilikuwa na kifungu kingine. Abiria anayerudi salama, wakikaribia pwani ya nyumbani, lazima naye atupe neno lake, na wapiga kafi lazima wamujibu mupaka mutumbwi uguse muchanga. Neno la abiria halikuachwa juu ya maji bila jibu. Waliamini likiachwa, kuna mumoja wao ambaye ziwa litamubakiza safari nyingine. Walikuwa wanaume wenye vifua vipana, lakini hilo waliliogopa kama watoto.

Rumonge ikaonekana. Ngoma ikapigwa. Pwani ikajaa: wenye mizigo, watu wa ghala, wavuvi, Bwana Kassimu na kanzu yake, Mwamini kando anajishika mikono. Alimasi akavuta pumzi aanze wimbo wake.

Chausiku akasimama nyuma. Akatangulia.

*Nimetoka Minago salama!*

*Ego, ni kweli!* wakajibu, kafi zote pamoja.

*Shangazi yangu nimemuzika!*

*Ego, ni kweli!*

*Chumvi yenu imelala majini!*

*Ego, ni kweli!* Mudomo ulikwishazoea, ulitangulia akili.

*Juu ya fito imelala ndagala!*

*Ego, ni kweli!*

*Ndagala ni ya Alimasi!*

Hapo wengine wakashituka. Kafi mbili tatu zikakosea. Lakini neno limetupwa, liko juu ya maji, linangoja. Wakatazamana, wakatazama lile ziwa jeusi chini yao, na wakajibu. Sauti imeshuka, lakini wakajibu: *Ego, ni kweli.*

Alimasi akageuka, macho yamemutoka. "Nyamazeni, wajinga!"

"*Ego, ni kweli!*" akaitika Asmani, peke yake, kwa nguvu zote.

Pwani nzima ikapasuka kwa kicheko. Wavuvi walishika magoti. Chausiku hakucheka. Aliendelea, muchanga ulikuwa bado.

*Na ile ya zamani ilikuwa hivi hivi!*

*Ego, ni kweli!*

*Mukono wangu ulikuwa mukavu!*

*Ego, ni kweli!*

Mutumbwi ukagusa.

 Bwana Kassimu akapandisha kanzu, akaingia majini mupaka magoti, akatia mukono katikati ya fito. Akatoa magamba madogo meupe, na kichwa kimoja cha ndagala. Akanusa vidole vyake. Hakuhitaji kunusa, harufu ilikuwa imefika mupaka kwenye nyumba.

"Bwana, ni uongo wa muke mwenye kinyongo," Alimasi akaanza.

"Watu wako wamemujibu wenyewe. Kinyongo anacho muke mumoja. Hawa wote wanacho pia?" Halafu akanyoosha kidole. "Kuanzia leo hupigi kafi. Nenda ghalani, ukafunge mizigo, ujue uchungu wake."

Watu wakaitika vizuri, wakaona ni hukumu nzuri. Chausiku ndiye aliyeruka.

"Ghalani? Bwana, hapana! Ghala si jela. Mukimupa mutu cheo munamupandisha mutumbwi, akiiba munamutupia kwetu, sisi ndio shimo la takataka? Ndani mule tumekaa watu safi. Kama unatafuta pa kumuweka, kule kwenye mawese nafasi yangu iko wazi. Kazi ile inataka maji mengi ya kuchota, naye si anatembea kama ziwa ni lake?"

Mwamini akapiga kigelegele, wa kwanza. Wenzake wa ghala wakapokea.

Bwana Kassimu akainamisha kichwa. "Sawa. Aende huko. Na wewe rudi mahali pako." Mutu mukubwa hajazoea kuomba, lakini akaomba. "Chausiku, dada yangu, yaliyopita nayo... samehe."

"Kusamehe nitasamehe, Bwana. Siku ule wimbo utarudi wote, kutoka kila pwani ulikofika, kutoka kila mudomo, kutoka kwa yule mama wa Nyanza. Uutume mutumbwi wako ukauchukue. Utakapoletwa hapa, umefungwa vizuri, nitasamehe."

 

Akapita katikati yao na mikono yake myekundu, hata Alimasi akamupisha. Mulangoni pa ghala Mwamini alikuwa anamungoja, sindano iko mukononi.

"Dada, nilikutunzia."

"Ulitunza kutu," Chausiku akasema, akaichukua, akaisugua kwenye kanga. "Sogea. Na yale majani pale pembeni ni ya nani? Hayajakauka. Peleka juani."