Mama Aliyekalishwa Nyuma ya Spika

Mimi ndiye yule mtu ambaye spika zikipiga yowe, watu wote wanageuka kumwangalia. Sauti ikitoka vizuri, hakuna anayejua kama nilikuja. Nimefanya hii kazi miaka mingi hapa Eldoret na bado watu wananiita DJ. Nimechoka kueleza. Mimi sichezi nyimbo za simu. Kazi yangu ni mzee akija na gita lake la boksi lisilo la umeme, ama akina mama wa kanisa wakiimba na kayamba, nihakikishe wanasikika mpaka viti vya nyuma. Nikishamaliza kueleza, mtu anaitikia kwa kichwa kwa heshima kabisa, halafu ananiuliza, "Sawa DJ, sasa utatuwekea ile ya juzi?"

Jumamosi moja niliitwa Yamumbi, kwa mzee na mama waliokuwa wanamshukuru Mungu kwa ndoa yao ya miaka mingi. Watoto wao walikuwa wamekodi tenti na kuchinja, na mzee mwenyewe alikuwa aimbe wimbo aliomtungia mama wakiwa bado wachumba. Nilitoka kwangu Kimumu asubuhi na spika mbili nyuma ya pikapu, nimevaa fulana nyeusi, kwa sababu nilikuwa nimeona mafundi wakubwa wa sauti wanavaa nyeusi. Nilipofika, kwa vile vumbi lilikuwa jingi, nilifanana na mtu aliyetoka kuchimba choo.

Nikiwa nafungua waya, mama mwenyewe akaniletea chai. Aliongea kwa nguvu sana, vile watu wenye shida ya masikio huongea.

"Kijana," akaniita, na mimi kichwani nimebaki na nywele za pembeni tu, "masikio yangu yameisha. Huyu mzee huimba kila jioni pale jikoni, mimi naona mdomo tu ukifunguka. Leo nataka nimsikie. Hayo mengine yote, hata wasinipe keki."

Mtu mwenye akili angeuliza: Mama, sikio gani liko na nafuu? Utakalishwa wapi? Mimi nilipiga kifua. Nikainama karibu na sikio lake nikapaza sauti, "Mama, leo hata ng'ombe za jirani zitamsikia!"

Alicheka, akanipiga bega, akaenda kuvaa. Nikabaki pale najiona mtu wa maana.

Sasa, kwetu sherehe si sherehe kama jirani hajui iko. Kwa hivyo spika unazielekeza kwa wageni na barabara, ili hata yule ambaye hakualikwa ajue anakosa nini. Nao wenye sherehe wanatolewa sofa za sebuleni, na vitambaa vyake juu, wanapangwa mbele kabisa wakiwaangalia wageni. Ukifikiria vizuri, na mimi sikuwa nimewahi kufikiria, mwenye sherehe anakalishwa nyuma ya spika. Mahali pabaya kushinda hapo ni ndani ya choo. Miaka yote hiyo hakuna aliyelalamika, nami nikachukua hiyo kuwa sifa.

Basi mzee akasimama na gita lake mbele ya maiki, kando ya sofa. Sauti ikatoka safi, wacha tu. Watu wa bodaboda walisimama langoni. Ng'ombe za jirani, haki ya Mungu, ziliinua vichwa. Nilikunja mikono nikawa naziangalia zile ng'ombe kwa fahari, kana kwamba ndizo zilinialika. Halafu nikamtazama mama.

Alikuwa amekaa wima kwenye sofa, anatabasamu kwa ajili ya picha, macho yamekwama kwa mdomo wa mzee. Tulipoangaliana, alitingisha kichwa pole pole. Hakusikia kitu. Aibu ilinishika.

Nikakimbia kugeuza spika moja imwangalie yeye. Kosa la mtoto! Maiki ya mzee ilikuwa hapo hapo, na maiki ikielekezewa spika yake yenyewe, hizo mbili zinaanza kuzomeana. Ile yowe iliyotoka, watoto waliziba masikio na nyanya mmoja akakemea pepo. MC, jamaa wa suti ya kung'aa, akarukia nafasi yake: "Jameni, DJ wetu leo amelala!" Watu wakacheka. Mzee aliacha kuimba, akamwangalia mke wake kana kwamba yeye mzee ndiye aliyekosea. Hapo ndipo iliniuma.

Nikarudisha spika, nikamwambia mtoto wao mkubwa tumhamishe mama akae mbele ya spika, upande wa wageni. Mashangazi walinirukia kabla hata hajajibu. "Mama mwenye sherehe akae na wageni? Wewe ni nani hapa?" Swali zuri.

Ndipo nikakumbuka kilichokuwa shingoni mwangu. Hedfoni, zile spika ndogo za kuvaa masikioni. Fundi huvaa asikilize kinachotoka kwa miksa, ile mashine ya kupandisha na kushusha sauti, lakini mimi, tuseme ukweli, siku hiyo nilikuwa nimezivaa kwa urembo. Waya yake ni fupi, kwa hivyo ilibidi mama mwenyewe aje mezani kwangu, huko kando karibu na jenereta. Nikamfuata, nikamshika mkono. Mashangazi wakasimama tena. Safari hii mama aliona midomo yao akaelewa.

"Niacheni!" akasema. "Hii ndoa ni yenu ama ni yangu?"

Nikamkalisha juu ya kreti ya soda. Hedfoni hazikukaa vizuri juu ya kitambaa cha kichwa, basi akakitoa, mbele ya wageni wote, nywele nyeupe zikaonekana. MC akakosa la kusema, jambo ambalo pia tulipaswa kumshukuru Mungu kwalo. Nikamwonyesha mzee kwa mkono: anza tena, kutoka mwanzo.

Mzee akapiga gita. Nikapandisha sauti ya hedfoni kidogo kidogo, namwangalia mama usoni. Mara akashtuka. Akafumba macho, akasikiliza, akayafungua, akanivuta fulana.

"Huyu anayeimba ni nani?" Kwa vile alikuwa amezibwa masikio, aliuliza kwa sauti ya kusikika tenti nzima.

Nikamwonyesha mzee kwa kidole.

"Mzee wangu?"

Nikakubali kwa kichwa. Akamwangalia mdomo, akaangalia vidole juu ya nyuzi, akarudi kwa mdomo. Machozi yakaanza kushuka na hakuyapangusa.

"Kwani alizeeka lini hivi?"

Hakuna aliyecheka. Mzee naye alimsikia, sauti ikamtetemeka, lakini hakuacha kuimba. Nilijiona mjinga, nimemuumiza mama wa watu siku yake. Nikanyoosha mkono kwa miksa nipunguze.

Akanipiga kofi mkononi.

"Wacha hapo," akasema. "Ongeza."